Raba za Milango ya Bi Mdogo

Fundi cherehani alikuwa na wake wawili, mmoja wa damu na nyama, mwingine wa bati. Huyo wa bati, gari la milango miwili lenye umri wa kutosha kuitwa nyanya, majirani walimwita Bi Mdogo, na mke wa kweli hakuona cha kucheka. Alikuwa na kesi yake. Miaka mitatu nyuma, wakienda kumwona mgonjwa, mvua iliwanyeshea ndani ya gari kuliko nje. Raba za milango zilikuwa zimekauka na kupasuka kama visigino vya mtembea peku, maji yakajipitia yatakavyo. Mama wa watu alifika hospitali amelowa chapachapa, hata muuguzi akamkimbilia yeye kwanza. "Sipandi tena," alisema, na tangu siku hiyo safari zake zote zikawa za lifti ya shemeji.

Shemeji alikuwa na gari jipya na mdomo usiopumzika. "Wewe endelea kushona, fundi, nyumba yako naibeba mimi." Maneno hayo yalimchoma mwenzetu kuliko sindano. Alichotaka ni kimoja tu: mkewe akae tena ubavuni mwake.

Akanunua raba mpya. "Mzee, gundi paka upande unaogusa mlango tu," muuza vipuri alimwelekeza. "Ule mwingine uache hivyohivyo."

Fundi aliitikia kwa adabu, lakini moyoni akamhesabu kijana wa watu kuwa mvivu. Miaka thelathini aliamini kwamba mshono ulioshika upande mmoja si mshono. Basi akabandua raba kuukuu kwa kisu, akasugua kutu kwa msasa, akapima milango kwa utepe uleule anaopimia viuno vya wateja, kisha akapaka gundi pande zote mbili, tena bila choyo.

Adhuhuri mawingu yalipotanda, akaita, "Mama watoto, njoo ukae dakika moja tu. Tone moja likikugusa, gari naliuza."

Mama akaja na mwavuli wake, maana aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona ung'ongo. Wakaingia wote wawili, milango ikafungwa pu, pu. Mvua ikashuka ya nguvu. Akapitisha kidole pembeni mwa kioo, akapapasa kiti, akainama kutazama sakafu. Kukavu.

"Hm," alisema, na kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Fundi akavuta kitasa ili ashuke kifua mbele. Mlango haukutikisika. Akausukuma kwa bega, kisha akahamia kwa ule wa mkewe. Wapi. Vioo navyo vilikuwa vimegoma kushuka tangu mwaka juzi.

"Umefanya nini?"

"Nimepaka gundi."

"Wapi?"

"Kote."

Mama akacheka mpaka machozi. Fundi akabonyeza honi kuomba msaada. Shemeji, aliyekuwa akipita mbio na gazeti kichwani, akadhani anasalimiwa, akapunga mkono na kwenda zake.

"Ngoja nikipige kioo teke," fundi alisema.

"Kaa."

"Nikae?"

"Siku sita uko na cherehani, ya saba uko chini ya hili gari. Sijui ni lini tulikaa hata nusu saa. Leo huna pa kukimbilia. Haya, niambie, hujambo?"

Fundi alikuwa na jibu lake la kila siku, lile la kuwapa wateja. Leo aliliacha. "Macho yangu," alisema akitazama usukani. "Yamechoka. Tundu la sindano silioni tena. Naogopa, mke wangu."

Mkewe hakushtuka. "Najua," alisema. "Kwani wewe ulidhani sindano zako hujitunga uzi zenyewe kila asubuhi?"