Mgeni Aliyekuja na Jiko

Juma lililopita, kwenye kaunta ya lojing moja hapa Kisumu, karani alimzuia mama aliyebeba jiko. Mama huyo na watoto wake wamewekwa pale kwa muda tangu nyumba yao ibomolewe kupisha barabara.

"Mama, sheria ni moja. Mgeni hapiki."

Mama akatua jiko juu ya kaunta, akajipangusa masizi.

"Ni kweli, mgeni hapiki. Mgeni anapikiwa. Sasa leo unatupikia nini?"

Karani akatazama jiko, akatazama watoto. "Peleka nyuma, karibu na bomba. Lakini bosi asione."

Chuoni kwetu tunajidai kwa midahalo, lakini hoja iliyonyooka hivyo sijaisikia. Basi nawauliza wakubwa waliowageuza watu hawa wageni katika mji wao wenyewe: leo mnawapikia nini?