Kadi ya Pointi za Ndege

Tahir alikuwa mtu wa barabara. Kwa miaka mingi aliuza chakula cha ng'ombe na kuku cha kiwanda cha Muigai pale Ruiru, akizunguka na pikapu ya kampuni Embu, Meru, Nanyuki, Nyeri, kisha anarudi nyumbani kwake Majengo, Thika. Wafugaji wa njia hiyo yote walimjua. Alijua ng'ombe wa nani anakaribia kuzaa, na katika boma gani mke ndiye anayeshika pesa za maziwa, kwa hiyo ndiye wa kusalimiwa kwanza. Wauzaji wenzake walisema Tahir ana ulimi. Ulimi gani? Mtu alikuwa anasikiliza tu.

Petroli na malazi alilipa kutoka mfukoni mwake, na tarehe tano ya kila mwezi Muigai alimrudishia pesa hizo akishaonyeshwa risiti. Sasa hapo kwenye risiti ndipo palipokuwa na mambo. Embu kulikuwa na nyumba ya wageni ambayo karani wake, ukimwachia kitu kidogo, alikupa risiti yenye mhuri na sahihi, pa kuandika pesa akapaacha wazi. Tahir alilala kwa binamu yake Zubeida, akala kwa Zubeida, akaogea maji ya Zubeida, halafu asubuhi akajijazia mwenyewe kwamba amelipa shilingi mia nne. Wauzaji wote walifanya hivyo. Pesa hiyo waliiita ya soda, na hakuna aliyewahi kuiita wizi mbele ya mwenzake.

Mwaka wa tisini na tano Muigai akachoka kusoma mwandiko wa kalamu. Akawaita wauzaji wake, akasema kuanzia mwezi ujao anataka karatasi za mashine. Kila mtu atafute kadi ya benki kwa jina lake mwenyewe, alipie safari kwa hiyo, alete karatasi, arudishiwe. Kadi ya kampuni hatatoa, kwa sababu hakuna hata mmoja wao anayemwamini na jina lake. Aliwaambia hivyo usoni, na wakaitikia kwa vichwa kana kwamba wamesifiwa.

Tahir akaenda benki mjini Thika. Msichana wa kaunta, Wangechi, alimwekea fomu mbili mbele. Kadi ya kwanza, kila ukilipia kitu, ilitoa pointi za kupatia vitu vya nyumbani: pasi, sufuria, na ukivumilia sana, friji. Ya pili ilitoa pointi za ndege. Ada yake ya mwaka ilikuwa kubwa zaidi na pointi zake zilijaa polepole. Tahir aliuliza kama hiyo ndege inafika Jeddah. Wangechi akashusha kidole kwenye orodha, akasema inafika.

Alizipeleka fomu zote nyumbani akakaa nazo wiki nzima. Mkewe Ikhlas alitaka friji, na hakuzunguka: friji utaiona hapo jikoni, pointi za ndege utaziona wapi? Tena alikumbusha jambo ambalo Tahir alikuwa analikwepa, kwamba ile mashine ya kukwaruza kadi haiachi nafasi ya kujaza. Ya soda imekwisha. Kwa hiyo nyumba inapoteza pesa, na badala yake inapata nini?

Ingepata safari ya mama. Bi Mwanarusi, mama yake Tahir, alikaa chumba cha pili katika ploti hiyo hiyo. Baba yake alikuwa Mnyamwezi aliyekuja na kazi ya reli, mama yake Mkikuyu aliyesilimu, na yeye mwenyewe alikuwa amekaanga viazi karai sokoni kwa miaka thelathini. Pesa za kulala na kula Makka alizikusanya zamani, akaziweka kwa kaka yake wa Nairobi aliyekuwa akienda Umra na kundi la msikiti wao. Tiketi ndiyo iliyomshinda kila mwaka. Siku Tahir alipopata kazi kwa Muigai alimwahidi atampeleka, na aliahidi mdomo umejaa chapati, kama vijana wanavyoahidi. Sasa mama alikuwa na miaka sitini na minane, na magoti yalikuwa yameanza kukataa ngazi.

Jambo la riba lilimsumbua pia. Akamuuliza maalim wa msikitini, naye akamjibu kwa ufupi: akilipa yote kabla ya tarehe ya benki, hakuna riba; kama anajijua ni mtu wa kuchelewa, aiache. Tahir akahesabu siku. Muigai analipa tarehe tano, benki inadai tarehe kumi na mbili. Siku saba zilimtosha. Akairudisha fomu ya friji bila kuandika neno. Ikhlas hakumsemesha siku mbili, kisha akamsemesha kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa yamekwisha.

Ilichukua miaka mitatu. Alijaza petroli kwenye vituo vyenye mashine tu, hata kama taa ya tangi imewaka tangu kilomita ishirini nyuma. Alilala kwenye hoteli zenye mashine na mazulia, ambako chai ililetwa na kikombe kidogo mno. Zubeida wa Embu akatangaza kwa ukoo wote kwamba Tahir siku hizi anajiona. Mwezi mmoja, mvua ya El Nino ilipokata barabara na Muigai akachelewesha malipo, Tahir aliuza mbuzi wawili aliokuwa amewafuga kwa rafiki yake huko Theta ili alipe benki kabla ya tarehe kumi na mbili. Mbuzi wale aliwapenda, na iliuma.

Katikati ya mwaka wa tisini na nane barua ikaja. Pointi zimetosha tiketi moja. Tahir alimsomea mama yake, na Bi Mwanarusi akalia bila kujificha. Alipomaliza akanawa uso, akauliza hiyo petroli yote ililipwa na nani. Tahir akasema yeye, halafu kampuni ikamrudishia.

"Basi kamuulize mwenyewe kama ameridhia," mama akasema. "Siwezi kusimama mbele ya Kaaba nimebeba kitu cha mtu na mwenyewe hajui. Na kama kuna kingine chake mkononi mwako, umwambie hicho pia."

Tahir alikaa siku kumi na moja bila kwenda. Alimjua Muigai. Alikuwa amemfukuza bawabu kwa gunia moja la pumba. Akizitaka hizo pointi, nani atamkatalia? Lakini kundi la mjomba lilikuwa linaondoka baada ya wiki tatu, na mama alikuwa ameshaanza kukunja nguo.

Alimkuta Muigai ofisini Ruiru, anapepeta mahindi kwenye sinia kutafuta yaliyooza. Akamweleza habari ya pointi na tiketi ya mama.

"Mimi nilikurudishia pesa yako, nikamaliza," Muigai akasema. "Hiyo ingine ni yako na benki. Mama aende."

Akaendelea na mahindi yake. Tahir alitoka nje akiwa mwepesi, akaingia kwenye pikapu, akawasha. Angeweza kwenda zake. Risiti za Embu zilikuwa za zamani, pengine zimeshaliwa na panya. Alimkasirikia mama yake, alimkasirikia kweli kweli, kwa lile neno la mwisho ambalo hakuna aliyemwomba aliseme. Kisha akazima gari, akarudi ndani, akamwambia Muigai habari ya Embu tangu mwanzo.

Muigai aliuliza kama na wengine walifanya hivyo. Tahir akasema amekuja kujisemea yeye. Muigai akasukuma sinia pembeni.

"Nilijua. Unafikiria niliwaambia mtafute kadi kwa nini? Miaka tatu nangoja mtu mmoja tu aje aniambie. Umekuja. Nimekusamehe, na uambie mama yako hivyo. Lakini mtu aliniibia hawezi kuendesha gari yangu. Lete funguo."

Tahir alizitoa mfukoni, akaziweka mezani karibu na mahindi. Akapata lori la mchanga lililokuwa linarudi Thika.

Mama alikuwa anamngoja mlangoni. Tahir akamwambia tajiri ameridhia, tena amesamehe kila kitu, na yote mawili yalikuwa kweli. Bi Mwanarusi akamshukuru Mungu, akauliza mama yake Muigai anaitwa nani, maana anataka kumwombea kule kwa jina lake kamili. Tahir akasema Wakonyo. Mama akalirudia mara tatu nne mpaka likakaa sawa mdomoni.

"Na wewe nikuombee nini?"

"Kazi," Tahir akasema.

Mama akamtazama. Akasema kazi si anayo, aombe kitu kingine. Tahir akamwambia aombe hiyo hiyo tu, akaingia ndani kumtafuta Ikhlas.