Twaha Mvuta Nyaya na Mkewe Aliyekataa Kupanda

Twaha wa Wete alifika Doha mwaka 2006 kulinda geti la yadi moja huko Umm Salal, palipokuwa panamiminwa nguzo na boriti za zege kabla ya kupelekwa zinakojengwa. Hakukaa getini sana. Ana mkono mzuri, na mimi mkono mzuri naujua. Wakamtia katika kundi la kuunga. Nguzo inasimamishwa, boriti inapachikwa, mwanya wa baina yao unajazwa saruji laini, kisha nyaya nene za chuma zinapitishwa ndani mpaka upande wa pili na kuvutwa kwa jeki. Kazi yake Twaha ilikuwa kuvuta.

Katika majengo aliyovuta limo hili letu la Abu Hamour. Mimi, niliyepika katika nyumba za watu wakubwa tangu wengine hawajazaliwa, nina chumba cha chini. Yeye, mkewe Sabra na mtoto wao Mussa walikaa juu kabisa, kwa raha zao, mpaka Aprili 2013, ardhi ilipotikisika Iran na sisi huku tukayumba.

Jengo halikupata hata ufa. Lakini Sabra alishuka na mtoto mgongoni, akaingia kwangu, asipande tena. Kila jioni Twaha akawa anakuja mlangoni kubembeleza, kama anayeposa upya.

"Bi Zainabu, nirudishie mke wangu."

"Sijamfunga kamba, mwanangu. Muulize mwenyewe."

Sabra akajibu kutoka ndani: "Nikatie tiketi, Baba Mussa, mimi na mtoto. Silali katika nyumba ya vipande vipande, imepangwa kama sahani kabatini."

Hapo Twaha akapoa. Wakiondoka, angebaki Doha peke yake, mke na mtoto wa kwenye simu.

Akajaribu kueleza kihandisi, Sabra akapiga mwayo. Basi akamwonyesha kitanda changu. Ni cha kamba, alinisukia yeye kwa mbao za mabaki ya yadi, maana baba yake huko Pemba ndiyo ilikuwa kazi yake. Doha nzima hakuna mwenye kama hicho.

"Kina msumari?"

"Hakina."

"Kitikise."

Sabra akakitikisa kwa hasira zake zote. Kikalia, kikaenda kando, kikarudi palepale. Twaha akalegeza kamba. "Haya, tena." Safari hii kikaenda kando kikabaki hukohuko, kimepinda kama mlevi.

"Vipande ni vilevile," akasema Twaha. "Kamba ndiyo inayokirudisha. Na nyumba yetu ina kamba za chuma. Ikitikisika, pale boriti inapokutana na nguzo panafunguka kiasi cha unywele, kisha waya unavuta, panafunga."

Sabra akauliza, "Nyaya za kwetu juu alivuta nani?"

"Mimi."

"Mwezi gani?"

"Shaabani."

"Ulikuwa umefunga?"

Nikageuza uso nisicheke, kwa kuwa Twaha akifunga, hata kifuniko cha chupa humshinda.

"Siku ile sikufunga. Nilikula biriani ya Wapakistani, nikaongeza."

Sabra akajifunga kanga, akambeba Mussa.

"Tangulia," akamwambia, "ukawashe taa."

Wapo hukohuko juu, na Mussa sasa ana wadogo zake wawili wanaoteremka ngazi kwa kishindo mpaka vikombe vyangu vinalia.