Mwosha Kondoo wa Ngor

Mwenye hoteli alijenga ukuta, akaiziba njia ambayo watu wa kijiji cha Ngor waliifuata kwenda baharini tangu enzi za mababu, wala hakumwuliza mtu. Mwosha kondoo, mama wa makamo, hakubadili desturi. Kila Jumapili, kilemba kimemkaa sawasawa, huuzunguka ukuta saa nzima na kondoo wake dume, huingia naye majini hadi kiunoni, kisha humsugua kwa sabuni na kipande cha wavu mkuukuu, akianzia kwato na kumalizia masikio, huku akimnong'oneza kama anayempamba bwana harusi. Viganja vyake vimechanika kwa chumvi, na haoni haya kuvionyesha.

Juma moja kabla ya Tabaski, sikukuu ya kuchinja, alikuja kwake Birane, bawabu wa hoteli, aliyekwisha kumfukuza mlangoni mara tatu. Alikuwa akivuta dume lake mwenyewe.

"Mama, niogeshee. Nisije nikaaibika mbele ya wakwe."

"Kwani bomba lenu limekauka?"

"Mama nawe! Kondoo wa bombani naye ni kondoo?"

"Haya. Nimpitishe wapi?"

Birane alijikuna shingo, akaenda kufungua mlango wa hoteli.

Mwosha kondoo alikatiza ukumbini taratibu kuelekea baharini, kichwa juu, wageni wakiinua miguu, kondoo akidondosha mavi juu ya marumaru. Aliporudi alipita palepale, dume jeupe kama maziwa.

"Wewe nami tumemalizana," alimwambia Birane. "Bosi wako bado ana njia yetu. Mwambie tunaidai, na nitaijia na kondoo wa mtaa mzima."