Sindano na Nyasi za Ng'ombe

Nakumbuka siku moja ya mwaka ule tuliochimba mizizi ya migomba tukaila, Mdachi, yaani Mjerumani, akiwa bado anatawala boma la Arusha. Aliyekula mizizi ya mgomba hahitaji kalenda. Mjukuu wangu, kabla sijakujibu habari ya cherehani chako, nisikilize.

Nilikuwa mke mpya huku mlimani Meru. Kushona nilifundishwa misheni, na nilijua hasa. Vibarua wa shamba la mzungu waliniletea mashati yaliyochanika, wakanilipa mahindi. Nyumba yetu ilikuwa ya duara, giza kama ndani ya chungu, ng'ombe tukilala naye humo humo. Mwanga uliingia mlangoni tu, na hapo ndipo tuliporundika nyasi zake. Nikakaa juu ya nyasi, nikashona.

Mama mkwe akaingia na mzigo wa majani kichwani. Hakuutua.

"Unatafuta nini hapo na hicho chuma?"

"Mwanga, Mama."

"Na kikianguka?"

"Nitakiokota."

"Ng'ombe atakutangulia. Yeye hatafuti kwa macho, anatafuta kwa ulimi."

Alikuwa ng'ombe wetu wa mwisho, na maziwa yake ndiyo yaliyomweka hai shemeji yangu mchanga. Jirani alishampoteza wake kwa kipande cha waya kilichomezwa pamoja na majani. Babu yako akanitetea: "Mama, mwache kidogo, jua liko hapo." Watu husema mtoto akililia wembe mpe. Mama mkwe hakuwa mtu wa methali hiyo.

"Hapana. Sindano hailali na nyasi katika nyumba hii."

Mdomo nilikuwa nao. "Basi mahindi yatatoka wapi?"

Hapo akatua mzigo. Akatazama ukuta wa pili, mbali na ng'ombe, akampa mwanawe panga. "Toboa."

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulitoboa ukuta usio na ufa. Majirani wakacheka kwamba nyumba yetu imeota jicho. Wacheke. Chini ya dirisha tulitandika ngozi kavu ya mbuzi, sindano ikianguka ionekane. Sindano tulizichomeka kwenye ganda la mgomba, kila moja na uzi wake, maana sindano yenye uzi haipotei upesi. Vitambaa kibuyuni. Jioni napapasa ngozi kwa kiganja, ndipo naikunja. Yule mtoto alikua. Ndiye babu yako mdogo, anayekusumbua kila siku umletee ugoro.

Sasa wewe unataka kushonea kwenye banda la nyuma, juu ya majani ya ng'ombe, eti kuna mwanga. Shika hili: kabla hujatafuta mwanga wa jicho lako, tazama nani anakula chini ya mkono wako. Tandika chini, kila sindano iwe na kwao. Dirisha nitamwita fundi akutobolee, chumbani kwangu mwenyewe. Mungu aibariki mikono yako, nguo zako zivaliwe harusini kuliko msibani.

Lakini kule bandani? Hapana. Sindano hailali na nyasi katika nyumba hii.