Shangazi Aliyeitwa Nesi

Mtaa mzima ulimwita Nesi. Hata muuza mkaa, ambaye hakuwahi kuugua hata mafua, alimwita hivyo. Wanawake wenzake waliitwa mama fulani. Yeye hakujaliwa mtoto, kwa hiyo kazi ikawa jina lake. Kwangu alikuwa shangazi, dada wa baba, na ndiye aliyenilea tangu mama yangu alipofariki akinizaa.

Ulimi wangu ulipoanza kukunjuka nilijaribu kumwita mama. Akanikataza. Alisema mama yangu alilipata jina hilo kwa uhai wake, na yeye si mwizi wa majina ya marehemu. Nikajaribu Nesi. Hilo nalo likagonga mwamba: Nesi ni wa watu wa foleni, na humu ndani hakuna foleni. Ukimjua, hubishani naye.

Nakumbuka akirudi kutoka zamu, gauni jeupe likinuka spiriti. Alikuwa akinipakata kabla hajavua hata soksi. Mpaka leo wenzangu hukunja pua wakiingia hospitalini, mimi huvuta pumzi ndefu. Harufu ile kwangu ni ya kupakatwa.

Uzee ulipomlaza na mikono ikaanza kutetemeka, nikawa namlisha kwa kijiko. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, na maradhi yetu ni kufundisha hata wasioomba. Jioni moja nikamweleza asili ya neno nesi. Waingereza walilichukua kwa Wafaransa, nao wakalitoa kwenye Kilatini, na mzizi wake ni kulisha, kunyonyesha. Zamani hizo nesi hakuwa mtu wa sindano. Alikuwa mwanamke anayenyonyesha mtoto asiyemzaa. Hadi leo mama akinyonyesha, Waingereza hutumia neno lilelile.

Alitafuna polepole. Nikadhani hajanisikia.

"Asiyemzaa?" akauliza.

"Ndiyo, Shangazi. Wa mwenzake."

"Na yule aliyezaa hanyang'anywi kitu?"

"Hanyang'anywi. Kila mmoja ana jina lake."

Akageuka kuitazama picha ya mama yangu ukutani, ile aliyoipangusa vumbi miaka yote kwa upindo wa khanga yake. Aliitazama mpaka chakula kikapoa.

"Basi usiniite shangazi tena," akasema. "Niite Nesi."

Nikamwita. Akaitika, kisha akafungua mdomo nimlishe.