Kibanda Chenye Kitambaa Chekundu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Fainesi Likongwe anaacha kusukuma upondo. Mtumbwi unateleza wenyewe ndani ya ukungu. Anatega sikio. Mahali fulani mbele yake, kwenye mafunjo ya Ziwa Chilwa, mdogo wake Lameki alipaswa kugonga debe kuonyesha kwamba yu mzima.

Debe halisikiki.

"Tulikubaliana siku tano," anasema. "Leo ndiyo ya tano."

Fainesi, 44, hugawa klorini kwa wavuvi wanaoishi majini, katika vibanda vilivyojengwa juu ya mafunjo yanayoelea. Anahudumia vibanda 31. Kila kimoja kina tundu sakafuni. Hapo watu hujisaidia, na hapo hapo huchota maji ya kunywa.

Akipatikana mgonjwa wa kipindupindu, Fainesi hufunga kitambaa chekundu mlangoni ili watu wasisogee. Alimfungia mzee Chikopa, upande wa kusini. Chikopa alipelekwa nchi kavu, akazikwa kesho yake. Kibanda kikabaki na kitambaa chake. Hakuna aliyefikiria upepo.

Siku nne zilizopita alimkuta Lameki na kikombe mkononi.

"Dada, umeniletea tena maji yanayonuka hospitali?"

"Na yako yananuka nini?"

"Samaki. Si ndiyo kazi yangu?" Kisha Lameki akaonyesha kwa kidole. "Nimepata jirani. Alikuja juzi usiku, hata salamu hatoi. Nimebisha hodi mpaka nimechoka."

Hatua kumi kutoka hapo, kibanda kilikuwa kimenasa kwenye mafunjo. Fainesi alilitambua fundo lake mwenyewe kwenye kitambaa cha mlangoni. Ndani, mkeka ulikuwa umetandikwa na sufuria ya nsima, ugali wa huku, imefunikwa. Sakafu iliyolowa matapishi ya Chikopa ilikuwa ikichuruzika ziwani.

"Umekunywa vikombe vingapi tangu juzi?"

"Nani anahesabu maji, dada?"

Kipindupindu huweza kujitokeza baada ya saa chache, au hadi siku tano. Lameki alikubali klorini, na akakubali kugonga debe kila alfajiri kwa siku tano. Fainesi alikivuta kile kibanda mbali, akakifunga kwa kamba ya nyavu, akaomba ruhusa ya kukichoma moto. Bado anasubiri jibu.

"Lameki!"

Fainesi anausogeza mtumbwi hadi kibandani kwa mdogo wake. Anaita tena.

"Hata Jumapili, dada? Mtu halali?"

"Debe liko wapi?"

"Limetumbukia majini."

Fainesi anaibana ngozi ya mkono wa Lameki na kuiachia. Inarudi mara moja. Hajakauka maji.

"Sasa unanifinya kwa kosa gani?"

Fainesi anamimina kifuniko kimoja cha klorini kwenye ndoo na kumwambia asubiri nusu saa.

Anachotaka sasa ni nguzo: miti mirefu ya kuchomeka kwenye tope, ili kila kibanda chenye kitambaa kifungwe pale pale kilipo. Ameomba mara mbili. "Nikipata ishirini tu," anasema, "hakuna kitakachotembea."

Anapopita alikokifunga kibanda cha Chikopa, anakuta kipande cha kamba kinaelea, kimekatika. Upepo uligeuka usiku. Upande unakoelekea kuna vibanda kumi na viwili.

Anashika upondo. Mbele, ndani ya ukungu, mtu anasikika akibisha.

"Hodi! Hodi, jirani!"